Picha Imeharibika Wapi? Kutafuta Kasoro za Rangi za Maji kwenye Maua, Ndege na Vipepeo vya Nairobi

Picha ikienda mrama, usikimbilie kulaumu mkono. Shuku maji kwanza: yalikuwa mengi mno, yalikuwa machache, au yalifika karatasini wakati usiofaa. Baada ya maji kagua karatasi, halafu rangi zenyewe. Mchoro wa penseli uwe wa mwisho kushukiwa, isipokuwa kwa ndege na vipepeo, ambao kosa lao kubwa huanzia hapohapo kwenye penseli.

Nairobi nayo ina tabia yake. Mji uko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari hewa ni kavu, na adhuhuri rangi hukauka kabla hujachovya brashi mara ya pili. Julai mawingu hayabanduki, baridi inauma, na karatasi ileile hukaa na unyevu hadi uchoke kusubiri. Ndiyo maana mbinu iliyokukubali Februari inakukataa Julai, nawe hujabadilisha kitu.

Tunachukulia kwamba una karatasi ya pamba asilimia 100 yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, brashi za mviringo namba 2, 4 na 8, vikombe viwili vya maji (kimoja cha kuoshea, kimoja kisiguswe na brashi chafu), tishu, na sahani nyeupe ya udongo ya kuchanganyia. Sahani ya jikoni inashinda paleti nyingi za plastiki, kwa sababu kwenye plastiki mpya rangi hujikusanya matonematone na huwezi kuona uzito wake. Uzito tutautaja kwa vitu vya mezani: *chai ya rangi* ni nyepesi, *maziwa* ni ya kati, *mtindi* ni nzito.

Ukinunua rangi, usiamini jina kubwa lililo mbele ya tyubu. Tafuta namba ndogo za pigmenti zilizoandikwa nyuma. Zitakazotajwa sana humu ni PB29 (altramarini), PB15:3 (bluu ya ftalo), PG7 (kijani cha ftalo), PV19 (waridi ya kwinakridoni), PY154 (manjano safi) na PBr7 (siena iliyochomwa).

Mstari mkali unajichora katikati ya petali

Ulitaka rangi ififie polepole kuelekea ncha, ukapata mstari kama ukingo wa dimbwi lililokauka. Rangi imekauka kabla hujairudia. Hii ni kasoro ya Januari, na ya meza iliyosogezwa karibu na dirisha lililo wazi.

Lowesha mara mbili. Pitisha maji safi ndani ya petali moja tu, subiri mng'ao upungue, kisha pitisha maji tena. Ya kwanza hunywewa na nyuzi za karatasi. Ya pili ndiyo yanayobaki juu na kukupa muda. Shusha macho hadi usawa wa meza uitazame karatasi kwa ubavu. Maji yakiwa yamesimama, bado. Uso ukiwa unang'aa sawasawa kama hariri, tia rangi. Maliza petali hiyo, ruka inayopakana nayo, nenda ya tatu. Zile ulizoruka utazirudia jirani zake zikishakauka.

Mstari ukiwa umeshajichora, chukua brashi namba 4 yenye unyevu tu, isugue ukingoni mara tatu au nne, kisha gandamiza tishu. Altramarini huinuka bila ugomvi. Ftalo na kwinakridoni hung'ang'ania karatasi, na ukizidi kusugua utachuna nyuzi. Hapo mstari ugeuze kuwa mkunjo wa petali, maisha yaendelee.

Madoa yenye kingo za mawimbi, kama koliflawa

Hii ni ndugu ya kasoro ya kwanza, ila yake ni Julai. Rangi ilikuwa imeanza kukauka, nawe ukarudi na brashi iliyojaa. Maji mapya yakasukuma chembe za rangi hadi pembeni na kuzitupa huko. Kanuni yake haina msamaha: brashi inayorudi kwenye rangi isiyokauka lazima iwe na maji machache kuliko karatasi. Kabla ya kurudi, iguse brashi kwenye tishu, hesabu moja, mbili, ndipo uende.

Kujua kama tabaka limekauka, gusa kwa mgongo wa kidole, kamwe si kwa ncha yenye mafuta. Ukisikia ubaridi, unyevu bado umo ndani hata kama juu panaonekana pakavu. Mashine ya kukausha nywele inasaidia ikishikwa sentimita 30 hivi, joto la chini, na mng'ao ukiwa umeshaondoka. Ukiiwasha mapema, upepo utaliendesha dimbwi la rangi na kukutengenezea koliflawa nyingine.

Rangi inazama na kuacha alama nyeusi hapa na pale

Petali nzuri, halafu ghafla kuna vitone vilivyofyonza rangi kama karatasi ya chooni. Hapo mkono hauna kosa. Karatasi ya rangi za maji hupakwa jelatini au kitu kama hicho ili isinywe maji upesi, na unyevu wa muda mrefu huua kinga hiyo. Karatasi iliyokaa masika nzima imeegemea ukuta wa mawe, au dukani kwenye rafu ya chini, huwa imeshaharibika kabla hujaifungua. Jaribu kwenye kona: tone la maji likizama papo hapo badala ya kukaa juu, ndiyo hiyo.

Unaweza kuiokoa kwa kiasi. Yeyusha gramu 5 hadi 10 za jelatini isiyo na ladha, ile ya waoka keki, ndani ya nusu lita ya maji ya moto yasiyochemka. Paka uso wote kwa brashi pana, uache ukauke usiku kucha. Kwa kazi ya kuuza tusingeitumia karatasi hiyo; kwa mazoezi inatosha sana. Nyingine ihifadhi bapa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na sakafu.

Karatasi inayojikunja ni suala jepesi zaidi: ni nyembamba. Chini ya gramu 300, iloweshe yote, ilaze juu ya plaiwudi, ipige pini za stepla kila sentimita 4 kuzunguka ukingo, iache ikauke ndipo uchore.

Buluu-zambarau imekuwa matope

Kongwe, mmea wa maua ya buluu ambao Wakikuyu huuita mukengeria, iko kila mtaro wa Nairobi, na buluu yake huwashinda wengi. Watu huchukua altramarini, hutia nyekundu yoyote iliyo karibu, kisha hushangaa kuona kahawia. Nyekundu yenye mwelekeo wa machungwa ina manjano ndani yake, na manjano huiua zambarau. Tumia PB29 peke yake, uzito wa maziwa, kisha dokeza PV19 kwenye kivuli tu. Rangi mbili, basi. Ukitia ya tatu, iwe na sababu.

Kongwe ina mtego mwingine: hufunguka asubuhi, na kufika adhuhuri imejikunja. Ukianza kwa mchoro kamili wa penseli, ua litakuwa limekwenda kabla hujafika kwenye rangi. Geuza mpangilio. Dakika 15 za kwanza paka viraka vya rangi pembeni mwa karatasi: petali mbili kubwa za juu, ile ndogo ya chini iliyofifia, na kijani cha kikombe kilichokunjwa ambamo ua hutokea. Umbo utalimaliza kwa ua la kesho. Kwenye msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum hakuna kuchuma, kwa hiyo zoea kufanya viraka hivi ukiwa umechuchumaa njiani.

Gloriosa imegeuka machungwa yote

Petali zake sita zina nyekundu katikati na ukingo wa manjano uliopinda mawimbi. Ukizitia zikiwa mbichi pamoja, zitakutana na kuzaa machungwa. Paka petali nzima kwa PY154 uzito wa chai, iache ikauke kabisa, kisha weka nyekundu ya PR255 ukianzia katikati, ukisimama milimita moja au mbili kabla ya ukingo. Lainisha mpaka kwa brashi yenye unyevu katika sehemu mbili tatu tu, kwingine acha mkali.

Kama ua lako linaonekana kama la mtu mwingine, angalia shingo ya kijani katikati: kijiti kinachobeba ncha ya kupokelea chavua hujipinda kwenda pembeni karibu nyuzi 90 tangu kwenye shina lake. Wachoraji wengi hukinyoosha wima kwa mazoea. Na kumbuka ua changa lina kijani na manjano zaidi, lililozeeka ni jekundu zaidi, kwa hiyo usichanganye picha za siku tofauti kwenye ua moja. Mmea huu una sumu, hasa kiazi chake; ukishaugusa nawa mikono, na usinyooshe ncha ya brashi kwa midomo.

Kwezi anaonekana kama plastiki ya buluu

Hapa ndipo rangi nyingi hupotea bure. Kwezi wa bustani zetu, *Lamprotornis superbus*, hana buluu ndani ya manyoya kama mtu anavyopaka ukuta. Mng'ao wake hutokana na tabaka ndogo mno za melanini ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga. Chini yake kuna weusi. Kinachomfanya ang'ae machoni ni mruko wa ghafla kutoka giza kwenda mwanga ndani ya milimita chache. Ukimpaka buluu sawasawa, umemnyima huo mruko.

Mchore kwa penseli ya H, mistari hafifu, ukiweka mpaka wa ule mkanda mweupe wa kifuani. Lowesha mgongo na bawa, lakini acha vipande viwili au vitatu vyembamba vikavu kabisa mahali mwanga unapogonga begani na kwenye bawa. Dondosha PB15:3 uzito wa chai mgongoni, PG7 kidogo kuelekea bawa, na mchanganyiko wa PB29 na PV19 kuelekea shingo. Zikutane zenyewe, brashi ikae mbali.

Zikikauka kabisa, changanya PB29 na PBr7 hadi upate weusi uzito wa mtindi. Huo weka upande wa kivuli, na hapa kuna siri ndogo: kila kiraka cha giza kiwe na ukingo mmoja mkali na mwingine uliolainishwa. Kingo mbili kali zitakupa viraka vya kushona. Kingo mbili laini zitakupa moshi. Kichwa kiwe karibu cheusi. Malizia kwa vitone vyeusi vya mabega ya bawa, vikifuata mviringo wa bawa na si mstari wa rula.

Rangi zenye unga wa kumeta tunakushauri uziache. Zinang'aa ukizitazama upande mmoja tu, na ukiipiga picha kazi yako zinatoka kijivu.

Kabla ya kumaliza, kagua jicho. *Superbus* mzima ana jicho jeupe-krimu. Jicho likiwa jekundu-machungwa na mkanda mweupe haupo, picha uliyonakili ilikuwa ya kwezi wa Hildebrandt, na hakuna kiasi cha buluu kitakachomrekebisha. Jicho la krimu nalo lisiachwe jeupe tupu: chini ya ukope wa juu pitisha uzi wa kijivu, kisha mboni nyeusi yenye nukta moja ya karatasi iliyoachwa.

Ndege anaelea juu ya tawi, au ana magoti kinyume

Kile kinachopinda kwenda nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo. Ukishajua hivyo, miguu hujipanga. Kwa anayeelea, shusha mstari wima kutoka katikati ya uzito wa mwili: usipoangukia vidoleni, ndege huyo angeanguka. Chozi, kwera na kwezi wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kuzumburu ana ruhusa yake maalumu, anaweza kuzungusha vidole vya pembeni na mara nyingi huning'inia vyote vikielekea mbele, kwa hiyo ukimwona hivyo usimsahihishe.

Ndege aliyejaa magamba kama samaki amechorwa unyoya kwa unyoya. Futa mawazo hayo. Onyesha kingo chache pale mwanga unapokutana na kivuli, chora kwa mpangilio manyoya marefu ya bawa na mkia, kwingine kote acha rangi tupu.

Kipepeo mzuri, lakini mfu

Kila kitu ni sahihi, ila anaonekana amechomwa sindano. Kwa kweli amechomwa, kwa maana umenakili kielelezo cha makumbusho. Watunza vielelezo hunyoosha mabawa ya mbele juu mno, hadi ukingo wake wa nyuma unafanya pembe mraba na mwili, ili madoa yote ya bawa la nyuma yaonekane. Kipepeo aliyetua uani ni nadra kuyapandisha hivyo: bawa la mbele hufunika sehemu ya la nyuma. Lishushe bawa la mbele mpaka likalie la nyuma kwa theluthi hivi, na picha itapumua. Vielelezo ni vizuri kwa kuhesabu madoa. Mkao ujifunze kwa walio hai.

Kunakili nusu moja kwa karatasi ya kupenyeza na kuigeuza kunafaa tu kama unamwangalia kutoka juu kabisa. Akiwa ameinama upande, bawa la mbali huwa jembamba zaidi, na ulinganifu wako utamgeuza beji.

Rangi za *Papilio demodocus*, yule mweusi-manjano anayezunguka milimau, huharibika kwa kosa moja: kupaka weusi kwanza. Rangi za maji hupenyeza mwanga, manjano haikai juu ya nyeusi. Anza na manjano yote, hata pakizidi mipaka kidogo, ikauke, kisha zungushia weusi wa PB29 na PBr7 kwa namba 2, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito. Huyu hana mikia kwenye mabawa. Jihadhari pia na picha za intaneti: *Papilio demoleus* wa Asia anafanana naye sana.

Kwa *Danaus chrysippus*, wa machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, kasoro huwa kwenye jina. Jike la *Hypolimnas misippus* humwiga karibu kila kitu. Tazama bawa la nyuma: *Danaus* ana vidoa vyeusi katikati yake, mwigaji ana kimoja tu kwenye ukingo wa mbele. Wote wawili, wakitua, utaona miguu minne, kwa sababu jozi ya mbele imefupika na kukunjwa. *Papilio* husimama kwa sita. Watu huongeza au kupunguza bila kuangalia.

Kizibio kimeng'oa karatasi

Kizibio cha mpira wa maji, kile cha kuhifadhi weupe wa papasi na stameni, huoka. Kikikaa kwenye jua la dirishani au kikipigwa na joto la mashine ya nywele hushikamana na nyuzi. Kiweke na kukitoa siku hiyohiyo, kwenye karatasi iliyokauka kabisa. Brashi ya kukipakia iwe ya bei rahisi, ipitishwe kwanza kwenye sabuni. Chupa iliyozeeka, yenye mabonge na iliyogeuka kahawia, itupe.

Kijani kinapiga kelele

PG7 haitumiwi peke yake kwenye jani, labda uwe unachora meza ya pulu. Itie PBr7 kidogo itulie. Kwa majani ya kawaida PB29 na PY154 zinatosha, na kwa nyasi za Februari ongeza PBr7 hadi uone vumbi.

Rangi ilikuwa sawa jana, leo si sawa

Chunguza mwanga kabla ya kugusa picha. Ushauri wa kukaa dirisha la kaskazini umetoka nchi za mbali na ikweta. Nairobi jua hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo miezi hiyo dirisha tulivu ni la kusini. Kuanzia Oktoba hamia la kaskazini. Usiku, balbu ya manjano ya sebuleni itakufanya uzidishe buluu. Tafuta balbu ya mwanga wa mchana, kati ya 5000 na 6500 K.

Simu nayo hudanganya zaidi kwenye nyekundu. Maua ya muhuti hutoka kama kiraka kimoja bila mikunjo, kwa kuwa kamera imejaa nyekundu na kupoteza tofauti. Gusa skrini juu ya ua, teremsha mwanga mpaka uone mikunjo, piga tena. Kwa zambarau usiamini skrini kabisa. Amini viraka ulivyopaka mbele ya ua.

Picha ya ukutani imefifia

Waridi kali zinazong'aa kama kalamu ya kuwekea alama, pamoja na alizarini ya PR83, hazidumu juani. PV19 na PR122 (magenta ya kwinakridoni) hushika vizuri zaidi. Kama huna hakika na tyubu fulani, paka mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha karatasi, funika nusu yake kwa karatasi ya alumini ya jikoni, ubandike dirishani panapopigwa na jua. Baada ya miezi mitatu bandua. Nusu mbili zikitofautiana, tyubu hiyo iache kwa mazoezi, na tarehe uiandike kwenye kifuniko chake.